Megawati 2.4 za Mufindi

Mashine moja ya bwawa la Julius Nyerere, kule Rufiji, ina uwezo wa megawati 235. Shamba la upepo la Mwenga, wilayani Mufindi, ambalo ndilo la kwanza Tanzania kuingiza umeme wake kwenye mtandao, lina mashine tatu za kilowati 800 kila moja: jumla megawati 2.4. Ili kuifikia mashine moja ya Rufiji unahitaji mashamba kama la Mwenga 98, na Rufiji wamefunga mashine tisa. Kwa hiyo mtu akiuliza upepo wa Mufindi unalisaidia nini taifa, asionekane mkorofi. Ameuliza swali la haki.

Majibu anayopewa ndiyo yanayonikera. Wapo wanaomwambia kwamba upepo ni ukombozi, ni safi, ni wa bure, haumaliziki, kana kwamba minara mitatu ingeweza kuondoa mgao wa umeme. Wapo pia mafundi wa siku nyingi wanaoguna tu: upepo leo upo, kesho haupo, mambo ya gridi waachiwe wenye maji na gesi. Pande zote mbili zinapima kwa megawati, na hapo ndipo zinapopotea. Idadi ya megawati zilizosimikwa haisemi mengi. Kinachosema ni mahali shamba lilipo kwenye waya, saa na msimu linapotoa umeme, na nani anaumia siku linapozimika ghafla. Kwa vipimo hivyo shamba dogo linaweza kuwa na thamani kuliko ukubwa wake, na linaweza pia kuwa pambo la mlimani. Mashine zenyewe zinaweza kuwa zilezile katika hali zote mbili.

Ngong, Kenya, ni mfano wa pili mzuri. Vilima vile juu ya Nairobi vilipata mashine mbili za majaribio mwaka 1993, msaada wa serikali ya Ubelgiji, uwezo wake kilowati 350 kwa jumla. Mwaka 2009 kampuni ya kufua umeme ya KenGen ikafunga mashine sita za kilowati 850, kisha awamu nyingine zikafuata, na leo hesabu ni megawati 25.5. Ni mara kumi ya Mwenga, lakini mahitaji ya juu kabisa ya Kenya yamekwisha kuvuka megawati 2,300, kwa hiyo hata Ngong ikivuma kwa nguvu zake zote ni kama asilimia moja ya kinachotakiwa.

Tena haivumi hivyo kila siku. Nguvu iliyomo kwenye upepo hufuata mchemraba wa kasi. Kasi ikipanda kutoka mita 6 kwa sekunde hadi 9, nguvu huzidi mara tatu. Ikishuka kutoka 8 hadi 4, hubaki moja ya nane. Chini ya mita 3 au 4 mapanga yanaweza kuzunguka bila kutoa chochote cha maana, na upepo ukifika mita 25 hivi mashine hujifunga isivunjike. Mwinuko nao unatoza ushuru wake: mgongo wa Ngong uko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na ya Mombasa, hivyo upepo wa kasi ileile unasukuma kwa nguvu pungufu. Namba iliyoandikwa kwenye kibao cha shamba la upepo ni dari. Wastani wa mwaka, mahali pazuri, huwa kiasi cha theluthi ya dari hiyo. Ziwa Turkana, ambako upepo hubanwa kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiru, hupata zaidi ya nusu, lakini sehemu kama ile ni chache duniani.

Je, kupanda na kushuka huko kunaisumbua gridi? Gridi haina ghala. Kila sekunde umeme unaofuliwa lazima ulingane na unaotumika, na kipimo cha ulinganifu huo ni masafa ya mzunguko, ambayo huku kwetu ni 50 kwa sekunde. Matumizi yakizidi, masafa hushuka. Yakipungua, masafa hupanda. Kazi ya wale wanaokaa zamu kwenye kituo cha kudhibiti gridi pale Ubungo ni kuyashikilia hapo, na silaha yao ni mashine za maji na gesi ambazo zinaweza kuongezwa au kupunguzwa ndani ya sekunde au dakika chache.

Sasa fikiria saa moja jioni. Jua limezama, taa zinawashwa nchi nzima kwa wakati mmoja, televisheni zinawashwa, pasi zinawekwa kwenye soketi, mashine za kusaga zinamalizia mahindi ya mwisho. Mzigo unapanda kwa makumi ya megawati katika muda mfupi, na mtu wa zamu anajua utapanda kwa sababu ulipanda jana na juzi. Katikati ya wimbi hilo, upepo wa Mufindi ukilegea na megawati 2.4 zikawa 0.8, hakuna atakayegundua. Kilichopungua ni kidogo kuliko mtikisiko wa kawaida wa matumizi. Hoja ya kwamba upepo hauaminiki ina uzito wake, lakini kwa shamba la ukubwa huu haina pa kushika. Inaanza kushika pale upepo unapokuwa sehemu kubwa ya umeme wote, na hasa unapopita kwenye waya mmoja.

Wakenya wamelijifunza hilo kwa gharama. Shamba la Ziwa Turkana lina mashine 365 na uwezo wa megawati 310, na umeme wake wote husafiri zaidi ya kilomita 400 kutoka Loiyangalani hadi kituo cha kupoza umeme cha Suswa. Mashine zilikuwa tayari mwaka 2017. Njia ya umeme haikuwa tayari. Mkandarasi wake, kampuni ya Isolux ya Uhispania, alifilisika katikati ya kazi, na laini ikawashwa Septemba 2018. Kwa kuwa mkataba uliahidi malipo hata kama umeme haujachukuliwa, serikali ikajikuta inadaiwa faini ya shilingi bilioni 5.7 za Kenya kwa umeme ambao hakuna aliyeutumia.

Laini ilipowaka likaja tatizo la pili. Asubuhi ya tarehe 6 Septemba 2024 laini ya Loiyangalani ilikatika pale Suswa ikiwa imebeba megawati 288. Muda mfupi baadaye njia inayoleta umeme wa Ethiopia nayo ikajitoa, na megawati zake 200. Zikawa zimepotea megawati 488, zaidi ya robo ya mahitaji ya nchi kwa saa ile, na sehemu kubwa ya Kenya ikawa gizani. Mwaka mmoja kabla, Agosti 2023, nchi nzima ilikuwa imezimika na ukafuata ubishi: Kenya Power wakisema chanzo ni kupotea kwa umeme wa Turkana, kampuni ya Turkana ikijibu kwamba msongo kwenye gridi ulipanda kupita kiasi na mashine zao zikajizima kujikinga. Aliyekuwa na haki katika ubishi ule hanisumbui sana. Kinachonisumbua ni kwamba katika gridi ya ukubwa ule, mtambo mmoja kwenye waya mmoja ulikuwa umepewa nafasi ya kuizima nchi. Siku Ngong inapozimika yote, inaondoka asilimia moja, na Nairobi inaendelea kunywa chai.

Tukubaliane basi kwamba udogo ni kinga. Lakini kutokuleta madhara si kazi. Kazi iko wapi?

Iko kwenye ncha ya waya. Umeme unaosafiri mbali kwa njia ya kilovolti 33, ile ya nguzo za miti inayokwenda wilayani na vijijini, hupoteza msongo kadiri unavyokwenda. Kila mteja anayevuta njiani anazidi kuushusha. Upotevu wenyewe hukua kwa mraba wa mkondo: ukipunguza mkondo unaopita kwa nusu, upotevu unabaki robo. Hii ndiyo sababu kilowati moja inayofuliwa mwisho wa laini ina thamani kuliko kilowati ileile iliyofuliwa kwenye bwawa la Kidatu, ikapandishwa msongo, ikasafirishwa, ikapozwa na kumfikia mteja ikiwa imechoka.

Mufindi ni nchi ya chai, na kiwanda cha chai ni mteja mzuri wa kumtazama kwa karibu. Majani mabichi yakifika kutoka shambani hutandazwa kwenye vitanda virefu vya wavu, na feni kubwa zinapuliza hewa kutoka chini ili yanyauke taratibu, kazi inayochukua nusu siku au zaidi. Kisha yanakatwa, yanaachwa yachachuke kwa muda unaohesabiwa kwa dakika, halafu yanakaushwa. Hakuna hatua unayoweza kuisimamisha ukairudia kesho. Sasa msongo ukishuka, mota iliyotakiwa kupata volti 400 ikapata 340, haipunguzi kazi kwa adabu. Inavuta mkondo zaidi, inachemka, na kinga yake inaizima. Feni zikisimama, majani yaliyorundikana yanaanza kupata joto yenyewe. Yakisimama kwenye uchachu yanapitiliza, na chai inayotoka rangi yake imeharibika na bei yake mnadani vivyo hivyo. Meneja wa kiwanda haulizi umeme wa taifa ni megawati ngapi. Anauliza volti zilizopo kwenye ubao wake wa swichi saa nane usiku.

Mashine za upepo zilizo jirani na mteja kama huyo zinapandisha msongo pale palipo na njaa. Mfumo wa Mwenga ulijengwa ukianza na mteja huyo: kwanza mtambo wa maji wa megawati 4, ulioanza kazi mwaka 2012, ukihudumia viwanda vya chai na vijiji vya Mufindi kwa mtandao wake wa vijijini na kuliuzia shirika la umeme la TANESCO. Upepo ukaongezwa mwaka 2020. Kwenye vitabu vya taifa ni tone. Kwenye mtandao wa Mufindi, megawati 2.4 juu ya 4 za maji ni nyongeza ya zaidi ya nusu.

Hapa lazima niweke tahadhari, maana hoja ya ncha ya waya ina makali pande mbili. Laini ileile inayoshuka msongo saa za kazi inaweza kupanda kupita kiasi usiku ambao viwanda vimelala na upepo unavuma sana. Umeme usiokuwa na mteja jirani unalazimika kurudi nyuma kuelekea kituo cha kupoza, kwenye transfoma na vifaa vya kinga vilivyofungwa kwa imani kwamba umeme huja kutoka upande mmoja tu. Mambo haya yanatengenezeka, lakini yanatakiwa kufanyiwa hesabu kabla ya kumwaga zege la msingi. Jingine ni kwamba mashine nyingi za upepo zinafuata gridi, haziiongozi. Umeme wa gridi ukikatika, mnara wako unazimika hata kama nje kuna upepo wa kung'oa mabati, na mwanakijiji anayeuona umesimama anakasirika. Unaoweza kushika kijiji peke yake gizani ni mtambo wa maji ukipangwa hivyo, na upepo ukausaidia. Ndiyo maana maji na upepo chini ya mwendeshaji mmoja ni mpango wenye akili kuliko upepo peke yake.

Na akili hiyo inaonekana zaidi kwenye kalenda. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili au Mei. Baada ya hapo mito inapungua siku hadi siku, na miezi mibaya ya maji ni ile ya mwisho wa kiangazi, Agosti hadi Novemba. Miezi hiyohiyo ya ukavu ndiyo upepo unapokuwa na nguvu Mufindi, kusi ikipanda kutoka baharini na kugonga ukingo wa milima. Maji yanaposhuka, upepo unapanda. Kila uniti inayotoka kwenye mnara ni maji yanayobaki yakisubiri saa mbili usiku, wakati mzigo uko juu. Huu ndio mchango ambao hesabu ya megawati haiuoni kabisa: upepo haukupi umeme saa unayotaka, lakini unakuachia maji, na maji unaweza kuyafungua saa unayotaka.

Hilo watunga bei wa Tanzania waliliona mapema. Mwongozo wa wazalishaji wadogo, wale wa kuanzia kilowati 100 hadi megawati 10, ulikuja na mikataba ya kiwango kimoja iliyomwondolea mwekezaji mdogo balaa la kujadiliana na TANESCO kifungu kwa kifungu. Bei zake za mwanzo zilitofautisha misimu: Agosti hadi Novemba mzalishaji alilipwa asilimia 120 ya bei ya wastani, na miezi mingine minane asilimia 90. Ni sentensi fupi ya kisheria, lakini kwangu ina busara kuliko hotuba nyingi za nishati jadidifu, kwa sababu inamlipa mtu kwa kuleta umeme wakati nchi ina kiu. Baadaye utaratibu ukabadilishwa, maji na takataka za mimea zikawekewa bei zake, upepo na jua vikapelekwa kwenye ushindani wa zabuni. Zabuni hushusha bei, sawa. Ila zabuni inayotazama bei ya uniti peke yake inasahau kuuliza uniti hiyo inatoka mwezi gani.

Swali la mwezi limekuwa zito zaidi tangu Rufiji iingie. Mwishoni mwa 2022 ukame uliiacha Tanzania na pengo la zaidi ya megawati 300, na mwaka uliofuata pengo likarudi, pamoja na mgao wake, majenereta yake na lugha yake ya kuvumiliana. Februari 2024 mashine ya kwanza ya Julius Nyerere ikawashwa. Machi, mvua zikiwa zimekolea, TANESCO wakazima vituo vitano vya maji kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Kutoka mgao hadi ziada ni miezi michache tu. Katika wiki zile, uniti ya upepo wa Mufindi ilikuwa inaokoa maji gani? Kwa gridi ya taifa, hakuna. Maji yalikuwa mengi kuliko yalivyohitajika. Wanaolipigia debe shamba dogo hawapendi kulisikia hili, na ni kweli tupu: thamani yake kama akiba ya maji inaweza kuwa sifuri katika mwaka wa mvua nyingi.

Ila thamani ya mahali haikuyeyuka. Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kwa nini Tanzania, yenye ziada hiyo, inataka kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini: kuusafirisha kutoka kusini hadi kaskazini kunapoteza mabilioni ya shilingi kila mwaka. Watu wengi walikereka, wakaona kama matusi kwa bwawa. Kwa mtu anayefuatilia waya, lilikuwa tangazo la wazi kwamba megawati si sawa popote zilipo. Kama ni busara kununua umeme wa Ethiopia kwa sababu ya umbali, basi ni busara pia kuhesabu upya thamani ya mtambo mdogo ulio jirani na mteja wa mbali. Sijaona hesabu hiyo ikifanywa kwa ukali uleule.

Kenya ina tatizo lake la saa. Huko msingi wa umeme ni mvuke wa Olkaria, ambao hautoi moshi wa kutisha na gharama yake ya kuendesha ni ndogo. Usiku wa manane mahitaji yanashuka sana, na Turkana kwa bahati mbaya huvuma vizuri usiku. Matokeo yake, KenGen wamejikuta wakiachia mvuke hewani usiku kwa kukosa wa kumuuzia. Fikiria maana yake: kila uniti ya upepo ya saa tisa usiku inachukua nafasi ya mvuke, sio ya dizeli. Haipunguzi bili ya mafuta hata senti. Uniti ileile saa moja na nusu jioni, wakati mitambo ya mafuta ya Pwani na Nairobi inaitwa kazini, ni dhahabu. Mtu anayesema upepo umepunguza moshi kiasi fulani kwa kuzidisha uniti zote kwa namba moja ya wastani anadanganya bila kujua. Ngong iko chini ya sheria hiyohiyo, isipokuwa kwamba iko mlangoni kwa mteja, haihitaji laini ya mamia ya kilomita, na inapunguza kidogo upotevu wa mfumo ambao kwa Kenya umekuwa ukizidi asilimia 20.

Udogo una gharama zake pia, na hizo ndizo zinazoua miradi mingi kabla haijazaliwa. Winchi kubwa ya kunyanyulia mashine inakodiwa kwa bei ileile uwe na minara mitatu au thelathini. Barabara ya kupitisha panga refu kwenye kona za mlimani, upimaji wa upepo wa mwaka mzima au zaidi, tathmini ya mazingira, mawakili wa mkopo: vyote vinagawanywa kwa megawati chache. Kisha mashine huharibika. Turkana mashine moja kati ya 365 ikisimama, ni habari ya fundi wa zamu. Mwenga moja ikisimama, theluthi ya shamba imesimama, na kipuri kinasubiriwa kutoka nje ya nchi. Singida, mji ambao dereva yeyote wa lori anaujua kwa upepo wake, umekuwa na miradi ya megawati 50 na 100 iliyozungumzwa kwa miaka mingi na kubaki kwenye makaratasi. Huko walitaka ukubwa ili gharama zishuke, wakakwama kwenye mikataba na fedha, wakati Mufindi walianza na kidogo kilichokuwa na mteja tayari.

Ardhi nayo. Kinangop, Kenya, mradi wa megawati 60 ulifutwa mwaka 2016 baada ya maandamano ya wakulima na mtu kupoteza maisha. Turkana, Oktoba 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi zilipatikana kinyume cha utaratibu. Minara mitatu ya Mwenga haigombani na watu wengi kiasi hicho. Sitaki kulipamba jambo hili. Mwenye ardhi ya jirani bado anataka kuulizwa.

Kuna wanaosema basi tujenge mashamba madogo mia, tupate ukubwa bila hatari ya waya mmoja. Wazo ni zuri kwa sharti kwamba yasambazwe. Mashamba mia kwenye ukanda mmoja unaopigwa na kusi yatavuma pamoja na kulala pamoja, na kwa mtu wa zamu wa Ubungo hayo ni shamba moja kubwa lililokatwa vipande. Ngong, Marsabit, Singida na Makambako hazipati upepo kwa saa zilezile, na sasa kwa kuwa laini ya kilovolti 400 kati ya Isinya na Singida imeziunganisha gridi za Kenya na Tanzania tangu Desemba 2024, kulegea huku kunaweza kufidiwa na kuvuma kule.

Hatari nyingine ya wadogo wengi haionekani mpaka siku ya balaa. Uingereza, tarehe 9 Agosti 2019, radi ilipiga laini, mtambo wa gesi wa Little Barford na shamba la upepo la baharini la Hornsea vikajitoa karibu kwa pamoja, na mamia ya megawati za vituo vidogo vilivyotawanyika nchini navyo vikajizima kwa sababu kinga zake zilikuwa zimewekwa nyepesi mno. Masafa yalishuka hadi 48.8, na zaidi ya wateja milioni moja wakakatiwa umeme kuokoa wengine. Kila kimoja cha vile vidogo kilikuwa salama kivyake. Kilichokosekana ni mtu wa kuhakikisha kwamba vyote havikimbii mlango mmoja siku ya moto. Wadhibiti wa nishati, EWURA ya Tanzania na EPRA ya Kenya, wana nafasi ya kulishughulikia hilo wakati wadogo bado wanahesabika kwa vidole: kanuni ya mtandao iseme wazi mashine ivumilie mshuko wa msongo kwa muda gani kabla ya kujitoa, isaidie kushikilia msongo inapoombwa, na takwimu zake za kila saa zifike kituo cha kudhibiti. Megawati 2.4 zisizoonekana Ubungo si tatizo. Megawati 240 za aina hiyo ni tatizo.

Uamuzi ulio karibu zaidi huenda ukafanyika Ngong. Mashine sita za 2009 zitatimiza miaka 20 mwaka 2029, na miaka 20 ndiyo umri ambao mashine za aina ile hutengenezewa kuishi. Kilowati 850 ilikuwa saizi ya heshima enzi zile. Siku hizi mashine moja ya nchi kavu hufika megawati 4 na kuendelea, kwa hiyo mbili tu zingezidi hizo sita zote. Mshawishi wa vifaa atakuja na hesabu hiyo kwanza, kwa sababu ni nyepesi kuieleza kwenye mkutano. KenGen wanayo kumbukumbu ambayo mshawishi hana: zaidi ya miaka 15 ya uzalishaji kwenye mgongo uleule, saa kwa saa. Wakiipanga kwa saa za jioni na miezi ya kiangazi, wakaiweka kando ya bei ya mafuta yaliyochomwa saa hizohizo, watajua kama kilima kile kinastahili mashine mbili kubwa, sita ndogo mpya, au betri chini ya zile zilizopo.